Ulivyoniambia Nianze na Kitabu cha Tatu

Aberdeen, Scotland
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Edita, mdogo wangu,

Habari za Nyakato. Mama anaendeleaje na mguu, na ile dawa ya kuchua imefika? Mvua zimeshanyesha au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima, nakula, nafanya kazi. Zaidi ya mwili usiniulize, maana hilo ndilo nililokaa kukuandikia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu umenishinda mara mbili. Mara ya kwanza ulisema mtandao unasumbua. Mara ya pili ulianza kulia kabla sijamaliza swali, na mimi tangu ukiwa mtoto sijawahi kuweza kusema kitu mbele ya kilio chako. Hilo unalijua na umelitumia sana. Safari hii lia upendavyo, karatasi haitanyamaza. Isome yote, na usimwambie mama lolote kabla hujafika mwisho.

Uliniomba jambo. Ulisema kitabu chako cha tano kinakwenda kwa mchapaji Mwanza, na unataka mimi niandike ukurasa mmoja wa mbele, kwa jina la dada wa mtunzi aliyeko Ulaya, niwaelekeze wasomaji wapya waanze na kitabu kipi katika mfululizo. Nitalijibu ombi lako. Ila kwanza nikueleze mimi mwenyewe nilivyoanza, maana wewe ndiye uliyenielekeza.

Kazi yangu unaijua. Natunza wazee. Nawaogesha, nawavalisha, nawalisha, naitikia wanaponiita kwa majina ya binti zao wasiokuja kuwaona. Nafanya kazi na Mwanaidi, mwanamke wa Tanga, na tumepanga nyumba moja, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye jino, kwa hiyo siku za mapumziko tulikuwaga tunakaa jikoni, yeye anasoma hadithi kwenye simu, mimi nashonea watu vifungo na zipu. Ndiye aliyeniambia kwamba kuna mtunzi wa Musoma anavuma kwenye magrupu ya akina mama wasomaji, anaandika mapenzi mpaka mtu unaunguza mboga. Akanionyesha jalada. Nikaliona jina lako la utunzi, nikacheka, nikamwambia huyo nimembeba mgongoni.

Nilijivuna, Edita. Nalisema ili ujue nilianguka kutoka juu kiasi gani. Wiki nzima kila Mswahili niliyekutana naye dukani nilimwambia mdogo wangu ni mtunzi.

Mwanaidi akataka kujua aanze na kipi, maana vilikuwa vinne. Akauliza kwenye grupu lao, ugomvi ukaanza. Mmoja akasema cha nne, kile cha mchimba dhahabu wa Kiabakari, kwa sababu watu wanapendana kuanzia ukurasa wa pili bila kuchelewesha. Mwingine akasema huyo mchimba dhahabu anatoka shimoni akinukia manukato, ni uongo mtupu, bora cha pili, cha binti wa shamba la pamba, kinaliza vizuri. Mwingine akasema jamani vitabu vina namba, si mfuate namba. Nikawaambia subirini, mwenyewe yupo, namuuliza. Nikakuuliza. Ukanijibu upesi kuliko ulivyowahi kunijibu jambo lolote linalomhusu mama.

"Dada, waambie waanze na cha tatu," ulisema. "Kila kitabu kina wapenzi wake, hakuna atakayepotea. Wakimaliza cha tatu waende cha nne, halafu ndiyo warudi cha pili. Cha kwanza wakiache kabisa, nilikuwa sijajua kuandika. Hata wewe usikisome, utanionea aibu."

Nikayaandika maneno yako kwenye karatasi nikayabandika kwenye friji. Mwanaidi akayapeleka kwenye grupu. Wanawake wa watu, wenye akili zao, waliopo Leicester na Reading na wapi, wakaanza na cha tatu kwa sababu Nyangeta amesema.

Nami nikaanza na cha tatu. Ulijua ulichokuwa unafanya. Fundi cherehani anaitwa aende Butiama kwenye harusi kurekebisha gauni la bibi harusi, zipu inakatika watu wameshakaa, na fundi mitambo wa kivuko cha Kisorya, aliyekuja kama msindikizaji tu, anatoa koleo mfukoni anaifunga zipu kwa waya mwembamba huku amefumba macho ili asione mgongo wa bibi harusi. Edita, mimi ndiye niliyekusimulia jambo hilo. Nilikusimulia tukiwa tunachambua dagaa, na ulikuwa umevaa sare yako ya shule yenye kiraka. Nilikisoma kitabu kile kwa siku mbili. Nikalia mpaka Mwanaidi akaja kuniuliza kama nimepata msiba nyumbani. Nikakupigia, nikakushukuru, nikasema umenihifadhia kitu nilichodhani kimekufa. Ukasema, "Nilikuandikia wewe, dada." Kumbe ulikuwa unanilambisha asali ili nisitazame kwingine.

Sasa nikukumbushe yaliyofuata baada ya harusi ile, maana umeyaandika vingine hadi nadhani umeyasahau yalivyokuwa.

Baba alikuwa amefariki, tumehama kutoka kijijini Majita tumepanga vyumba viwili pale Nyakato, Musoma mjini. Mama mguu umeanza. Mimi nashona sare za shule barazani, wewe uko kidato cha tatu. Nestori, yule fundi wa kivuko mwenye koleo, akawa anakuja Jumamosi akipata nafasi, kutoka Kisorya mpaka Bunda, Bunda mpaka Musoma, analeta sato waliokaushwa vizuri, anakaa na mama wanaongea Kijita chake cha kuokoteza mama anacheka. Akaniletea kitenge cha kijani chenye kasuku wa manjano. Nikasema sikishoni mpaka siku ya kutolewa mahari, nikakiweka chini kabisa ya sanduku. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unajua kipo.

Mama akazidiwa, akalazwa. Wiki tatu nilikuwa nalala sakafuni wodini. Simu tulikuwa na moja nyumbani, nikakuachia wewe ili wateja wa sare wasipotee. Nilipotoka hospitali Nestori hapatikani. Namba yake haiiti. Nikasubiri Jumamosi, nikasubiri nyingine. Nikaenda Kisorya mwenyewe, na wenzake wa kivukoni wakanitazama kama mtu mwenye ukoma. Mmoja akaniambia ameomba uhamisho, amekwenda Kigoma, na ameacha neno kwamba nisimtafute. Nikarudi. Ulinipokea stendi. Ulinibebea mkoba.

Na kitenge hakikuwepo. Siku chache kabla, mama wa chumba cha tatu, Mama Rhobi, aliingia kwetu kuazima pasi. Nikamwita mwizi mbele ya wapangaji wote. Alikuwa mama mkimya, aliapa kwa watoto wake, nikamwambia aapie na wajukuu pia. Alihama mwezi ule ule. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unamenya viazi. Hukunyanyua kichwa.

Sasa turudi huku. Mwanaidi alipomaliza cha pili akadai cha kwanza. Nikamwonyesha karatasi ya kwenye friji. Akasema yeye harusini haingii kwa mlango wa jikoni, anataka kuanzia mlango wa mbele hata kama umechelewa kufunguliwa. Ukamwambia faili limeharibika. Akaomba cha karatasi, ukasema nakala zimeisha zote. Mpwa wake anasoma Mwanza, alikuwa na safari ya Musoma, basi liliposimama Bunda akaingia duka la vitabu na madaftari pale stendi kununua kalamu, akakikuta kwenye rafu ya chini kimekula vumbi. Akakituma pamoja na dagaa na unga wa muhogo.

Mwanaidi alikwenda nacho kazini. Mchana, tukinywa chai kwenye chumba cha wafanyakazi, akanyanyua uso akasema, "Nyangeta, huyu dada mkubwa humu kitabuni ana kovu la pasi ya mkaa kwenye mkono wa kushoto. Kama lako." Nikamwambia mtunzi ni mdogo wangu, lazima achukue vitu vya nyumbani. Akaendelea kusoma. Baada ya kurasa chache akasema, "Na kuna kitenge cha kasuku."

Nikamnyang'anya kitabu mkononi.

Nilikisoma nimesimama. Mzee mmoja alikuwa anapiga kengele nimpeleke chooni na sikuisikia, Mwanaidi akaenda badala yangu. Nikafika pale ambapo binti mdogo, uliyempa jina la Edna kana kwamba watu hawana macho, anapanda basi la Bunda akiwa na mfuko mweusi. Anafika Kisorya. Anamngoja fundi ateremke kivukoni. Anamwambia, dada yangu ameshaposwa na mwalimu wa Musoma, anaona aibu kukwambia, amenituma nikurudishie kitenge chako. Umemwandika hadi anavyokipokea kitenge kwa mikono miwili, anakikunja upya kwa sababu ulikuwa umekikunja vibaya. Kitu kama hicho mtu hakitoi kichwani. Hicho umekiona.

Nikasema labda. Mtu akimpenda mtu hutafuta labda mpaka zinakwisha. Nikaendelea kusoma nione utajiponyaje. Ukajiponya vizuri. Humo kitabuni fundi ni mhuni, ana mwanamke Ukerewe na mwingine Nansio, kana kwamba Nansio si Ukerewe, na Edna amemwokoa dada yake. Dada hajui kushukuru. Anakwenda Ulaya, anavaa makoti ya manyoya, anaacha mama mgonjwa mikononi mwa Edna, simu hapokei. Na Edna kwa wema wake anaolewa na daktari bingwa mwenye mabega mapana. Umejiandikia na daktari, Edita.

Mimi koti langu ni la mtumba na lina mfuko uliotoboka. Mama simu yangu anaisikia kila siku asubuhi kabla hajaamka kitandani, na wewe ndiye unayemshikia sikioni. Ungeandika nimekufa ningekusamehe upesi zaidi.

Nikakupigia siku ile ile. Ukasema, "Dada, hiyo ni riwaya tu. Mtunzi anachanganya mambo." Nikakuuliza kitenge kilikwenda wapi. Hapo ndipo mtandao ukasumbua.

Basi nikafanya nililotakiwa kulifanya zamani. Nikapata namba ya mtu anayekata tiketi pale kivukoni Kisorya, naye akanipa ya Nestori. Alirudi kutoka Kigoma siku nyingi. Anaishi Rugezi, upande wa pili wa kivuko, ana karakana ya injini za mitumbwi, ana mke na watoto watatu.  Nilipojitaja akaniomba ruhusa aweke sauti ya nje ili mkewe asikie, kwa sababu hana jambo la kumficha. Nikasema aweke, ni haki yake.

Nikamsomea ukurasa wako. Akasikiliza wote. Akasema ndivyo ilivyokuwa, isipokuwa hakuwa na mwanamke yeyote, na mfuko haukuwa mweusi, ulikuwa wa bluu. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu. Nikadhani tumemaliza. Ndipo akasema jambo ambalo halimo kitabuni.

"Mimi nilikuja kwenu, Nyangeta," alisema. "Sikuliamini neno la mtoto. Jumapili kabla sijahama nilikuja mpaka getini Nyakato. Nilikuwa nimesema nitakusikia kwa mdomo wako mwenyewe, halafu niondoke."

Nikamuuliza alimkuta nani.

"Edita," alisema. "Aliniambia umekwenda kanisani na mchumba wako, kutangazwa ndoa. Alikuwa ameshika chupa ya uji. Nikamuuliza uji wa nani, akasema wa mgeni."

Unaikumbuka chupa ile, Edita? Ilikuwa ya mgeni gani? Ilikuwa ya mama. Ulitoka pale getini ukaniletea uji hospitalini. Ulikaa pembeni yangu kwenye mkeka, tukamnywesha mama, mimi nimeshika kikombe, wewe umeshika kichwa chake. Nikakuambia nina wasiwasi na Nestori. Ukaniambia, "Atakuja tu, dada." Yeye wakati huo alikuwa hajafika hata stendi. Ungenong'ona neno moja ningekimbia peku.

Hili ndilo linalonifanya nisilale vizuri, si kile cha Kisorya. Cha Kisorya nimejaribu kukielewa. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Baba amekufa, mama amelazwa, ukaona dada naye anavuka maji. Uliogopa. Mtoto akiogopa anaweza kufanya jambo la kijinga la siku moja. Lakini lile la Jumapili lilikuja likakukuta mlangoni, likakupa nafasi ya kurekebisha bila hata nauli ya basi. Ukalifukuza. Na miaka yote hii, ulipokaa kuandika, ukaandika lile moja lenye visingizio, hili lingine ukalificha hata kwenye riwaya.

Na uliogopa bure. Nestori alikuwa ameshapanga nyumba Kisorya yenye vyumba vitatu. Kimoja cha mama, kimoja chako. Alikuwa amekwishauliza shule ya pale kama wanapokea mwanafunzi wa kuhamia kidato cha tatu. Tulikuwa tunangoja mama atoke hospitali ndipo tukuambie, tuione sura yako.

Nilikupigia mara ya pili nikakuuliza habari ya getini. Ukalia. Hukukana. Ulilia mpaka mama akauliza kwa nyuma kuna nini, ukamwambia ni mafua. Nikakata mimi.

Sasa nikujibu ombi lako. Ukurasa wa mbele wa kitabu cha tano nimeuandika. Uchape hivi hivi, usiongeze nukta: "Msomaji, anza na kitabu cha kwanza. Mtunzi atakuambia ukiache, usimsikilize. Nilikuwa mmoja wa watu walioandikwa humo, na fundi wa kivuko alikuwa mtu mwema. Baada ya hapo soma kile upendacho." Kama hutaki kuuchapa, usichape ukurasa wowote wenye jina langu. Kwenye grupu la Mwanaidi nimeshalisema kwa sauti yangu. Wameniuliza kama kitabu cha kwanza ni kibaya kweli, nikawaambia ndicho ulichokiandika vizuri kuliko vyote, na ndiyo hasira yangu ilipo.

Karatasi ya kwenye friji Mwanaidi aliichana bila kuniuliza.

Usije ukaniomba msamaha kwa kitabu cha sita. Usimweke Nyangeta mwingine ndani ya hadithi akalia, akakukumbatia, akasamehe mwishoni, halafu wanawake wa Leicester wakakutumia maua. Nakujua. Ukiandika hivyo utaamini umeshasamehewa.

Mama atasikia kutoka kwako kabla hajasikia kutoka kwangu. Mwambie kwa Kijita. Kiswahili chako kimekuwa kitamu mno, utampaka mafuta mpaka asijue amechomwa wapi. Kwa Kijita hujawahi kuwa mtunzi. Utasema tu, nilimwongopea dada, nikamfukuza mkwe wako, mara mbili. Kaa chini unapomwambia, na mguu wake uwe juu ya kigoda.

Mwezi wa sita nakuja. Nimepata likizo ya wiki nne. Nitashukia Mwanza na nitapanda basi, usije kunipokea. Sitakuja moja kwa moja Nyakato. Nitateremka Bunda, nitakaa siku mbili nyumba ya wageni ya karibu na stendi. Nestori na mkewe wamenialika nivuke nikale kwao, na mkewe ndiye aliyetamka mwaliko kwa kinywa chake. Alisema alishapikia watu waliomtukana mume wake, hatashindwa kumpikia aliyemwomba msamaha. Nitakwenda, nile, niwashukuru, nirudi siku hiyo hiyo. Sina kingine ninachokifuata kule. Kilichokuwa kimekwisha kimekwisha, na yule mama ni mtu mzuri, nilimsikia.

Siku ya tatu nitakungoja Bunda mpaka saa nne asubuhi. Ukija, njoo peke yako. Tutapanda gari twende mpaka Butiama, kwa Mama Rhobi. Nimemtafuta, anakaa huko na mwanawe, macho yamepungua. Sijamweleza kitu kwenye simu, nimemwambia tu nakuja kumsalimia. Akaniuliza kama nilishapata kitenge changu. Miaka yote hii, Edita, na ndilo swali lake la kwanza.  Wewe utamjibu. Utakaa mbele yake useme ulikipeleka wapi, na mimi nitapiga magoti niombe langu. Tukitoka hapo ndipo tutapanda gari la Musoma pamoja, na mengine tutayaangalia njiani.

Usipokuja, Butiama nitakwenda peke yangu. Nikifika nyumbani nitakaa na mama, na wewe utakuwa mtu wa kunifungulia geti na kunipisha. Nitakusalimu. Hakuna zaidi ya salamu nitakayokuwa nayo.

Sijasema sikupendi. Ningekuwa sikupendi ningenyamaza ungeniona mwezi wa sita nikicheka kama kawaida. Nina hasira na wewe mpaka nakosea nikiwakata wazee kucha, msimamizi ameniondoa kwenye kazi hiyo kwa muda. Hasira hii sijui itakwisha lini, na sikuahidi kwamba itakwisha.

Msalimie shangazi wa Majita, mwambie mbegu za mchicha alizoniomba zimepatikana. Msalimie mjomba, kaka yake mama, na umuulize kama miwani inamkaa vizuri puani. Msalimie mumeo. Najua si daktari, ni mwalimu wa hesabu mwenye mabega ya kawaida, na ni mtu mwema aliyestahili kuwekwa kwenye kitabu kuliko yule uliyemtunga. Wanao wabusu wote wawili, yule mkubwa mwambie mama yake mkubwa anamletea viatu vya mpira. Mama usimpe salamu zangu za maneno. Mpake ile dawa mguuni, polepole, kuanzia kisigino kupanda juu, mwambie hiyo ndiyo salamu ya Nyangeta.

Barua hii nimempa mke wa mchungaji wa Bunda aliyekuja kumwona binti yake huku. Nimemwomba afike mpaka Nyakato na akabidhi mkononi mwako. Hajui kilichomo. Ametoka mbali na ana shinikizo la damu, asikae juani. Juu ya bahasha nimeandika umkaribishe ndani, umpe chakula, na usiifungue mpaka awe amekula akashiba na kunawa.

Ni mimi dada yako, kwa kuwa hilo hata ningetaka halifutiki,

Nyangeta